Mkopo au hela isiyorudishwa, nchi ikishapigwa na kimbunga

Machi 2019 kimbunga Idai kiliivuruga Beira kule Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 wakafa ukijumlisha Malawi na Zimbabwe, afu mwezi uliofuata IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) ikaipa Msumbiji dola milioni 118 hivi. Poa, ila ule ulikua mkopo. Hauna riba, sawa, na uzuri wake ni spidi maana serikali ilipata hela fasta wakati matumizi yamepanda, lakini deni ni deni na Msumbiji ilikua tayari imebanwa (kuna yale madeni ya siri, mikopo iliyochukuliwa kimyakimya ikiwemo ya boti za kuvua samaki aina ya tuna). Yaani nchi tajiri ndo zimechafua hewa inayozidisha vimbunga, ni kama jirani kakuchomea nyumba afu anakukopesha mabati.

Njia ya pili ni kupewa bila kurudisha. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa UN kule Sharm el-Sheikh, Misri, 2022, ahadi za hela zikaanza mkutano wa Dubai 2023, Ujerumani na Falme za Kiarabu (UAE) dola milioni 100 kila mmoja, Marekani iliyochafua hewa kuliko wote kihistoria ikaahidi milioni 17.5 tu!! Tena maamuzi ya mkutano wa tabianchi wa Paris 2015 yalishaziba mlango wa kudai fidia, kwa hiyo inabaki hisani, mtu anatoa akijisikia.

Kwa haki mi nipo na mfuko, hata hakuna mjadala. Ila kwa dharura ya wiki hii mkopo ndo unawahi, na waziri wa fedha ambaye barabara zimekatika na mahindi yameozea shambani atasaini tu, afanyeje sasa.