Resini ya Chembe Ndogo na Resini Mseto Mbele ya Mswaki

Daktari anayeziba shingo ya jino, pale karibu na ufizi ambapo mswaki hupita kwa nguvu kila asubuhi, anaweza kuchagua kati ya aina mbili za resini, yaani plastiki ya kuzibia meno: resini yenye chembe ndogo mno za silika, za takriban mikromita 0.04, na resini mseto, ambayo huchanganya chembe hizo na vipande vya kioo vinavyokaribia mikromita 1.

Kinachozila zote mbili ni kilekile. Mswaki peke yake haukwangui sana. Chembe za kusugulia zilizomo katika dawa ya meno ndizo zinazokwangua plastiki laini inayoshikilia kijazo, yaani zile chembe za silika na vipande vya kioo. Katika resini mseto, plastiki hiyo ikishaondoka, vipande vya kioo hubaki vimechomoza, kisha hung'oka na kuacha vishimo, na ndiyo maana uso uliokuwa uking'aa hufifia na kushika madoa ya chai. Resini ya chembe ndogo nayo huliwa, pengine hata kwa kina zaidi kwa kuwa kijazo chake ni kidogo, lakini huisha kwa usawa na kubaki nyororo.

Kwenye magego, panapotafunwa, mseto ni imara zaidi. Kwa shingo ya jino la mbele ningechagua chembe ndogo, mradi mgonjwa aepuke dawa kali za kung'arisha meno: kiwango cha kimataifa cha dawa za meno, ISO 11609, huruhusu ukwaruzaji wa hadi 250 kwenye kipimo cha RDA, kinachoonyesha jinsi dawa inavyokwangua jino, ambao kwa resini yoyote ni mwingi.