Kikokotoo cha Shilingi 1,900 na Fumbo la Mabano

Kikokotoo hiki cha kisayansi nilikinunua katika duka dogo karibu na River Road, jijini Nairobi, baada ya muuzaji kuniruhusu nikijaribu kabla ya kulipa. Nilikwenda na namba zangu zimeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu nilichokihitaji hasa ni kitufe cha kuvunja namba nzima kuwa vigawo tasa. “Mwalimu, wengine huangalia tu kama kinawaka,” aliniambia.

Nilianza na 33,550,336. Jibu lilikuja mara moja: 2 kwa kipeo cha 12, mara 8,191. Hii ni namba kamilifu ya tano, yaani ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, unaipata yenyewe tena. Lakini kikokotoo hakisemi hivyo, na ni juu ya mtumiaji kutambua kwamba 8,191 ni 2 kwa kipeo cha 13 ukitoa 1.

Namba ya pili ndiyo iliyonichelewesha dukani. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni namba tasa, hadi mwanahisabati mwenzake wa baadaye, Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Kioo kilionyesha 641 mara 6,700,417, ila hiyo ya mwisho ilikuwa ndani ya mabano. Kifaa hiki hutafuta vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu, na kinachosalia kikiwa kikubwa mno hukifungia kwenye mabano bila kukitolea hukumu. Ndiyo maana 1,018,081, ambayo ni 1,009 mara 1,009, ilifungiwa sawasawa na 2,147,483,647, ambayo Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi haikugusia jambo hilo hata kwa sentensi moja, na hapo ndipo ninapokinyima alama.

Hata hivyo, kazi iliyobaki, ya kujua kama 6,700,417 ni tasa, si kubwa kwa anayejua njia. Kigawo tasa chochote cha namba ile ya Fermat lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 128, na kama 6,700,417 si tasa, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 2,589. Kwa hiyo vya kujaribu ni vitano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Niligawanya mara tano nikiwa nimesimama pale kaunta, kila mara nikapata desimali, na hivyo nikajua kwamba 6,700,417 ni tasa.

Betri na vitufe sina neno navyo. Kwa mwanafunzi wa sekondari kinatosha kabisa, mradi aelezwe maana ya mabano. Anayependa namba kubwa zaidi atafute programu ya kompyuta, kwani kitufe hiki hakipokei zaidi ya tarakimu kumi, na namba inayofuata ya aina ile ya Fermat, 2 kwa kipeo cha 64 ukiongeza 1, ina ishirini.