Tepu yenye ndoano isiyocheza: rafu zangu zote zimelegea

Tepu hii ya kupimia ina utepe mzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na bado natamani kuitupa. Naanza na sifa kwa sababu nikianza na hasira sitazifikia. Ukiuvuta hewani unakwenda mita 2 na zaidi ndipo unapinda. Milimita zinasomeka hata jioni. Nilipoulaza kando ya rula ya chuma, alama zililingana mstari kwa mstari. Siku za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila fundi aliyenisogelea.

Kisha nikatengeneza kabati.

Kabati la kawaida tu, rafu zinakaa kati ya mbao mbili za ubavuni. Kazi ya namna hii ina vipimo viwili: ndani unasukuma tepu mpaka ndoano, kile kibati kilichopinda mwishoni mwa utepe, igote kwenye ubavu, unasoma, halafu unahamia kwenye ubao wa rafu, unakwaza ndoano ukingoni, unavuta, unaweka alama ya penseli. Nikakata. Rafu ya kwanza ikateleza ndani kama droo. Rafu iliyopimwa vizuri inataka kusukumwa kidogo kwa kiganja, hii haikutaka chochote. Ya pili vilevile. Nikararua kipande cha kadi kwenye boksi la misumari nikakipitisha pembeni, kikapita bila kukwama. Kama milimita moja imepungua, na imepungua kwa kila rafu. Ingekuwa moja fupi na nyingine ndefu ningelaumu mkono wangu. Zote sawasawa!

Nikashika ndoano kwa vidole viwili, nikasukuma, nikavuta. Haikusogea hata chembe.

Kwa asiyejua: ndoano ya tepu inatakiwa icheze, na inacheza kwa kiasi kilekile cha unene wake. Ukivuta, inatoka mbele, hivyo sifuri inaanzia upande wake wa ndani. Ukisukuma, inarudi nyuma, sifuri inahamia upande wa nje. Ikikazwa, hata iwe imekazwa wapi, ukipima ndani kwa kusukuma kisha ukahamishia kwenye ubao kwa kukwaza, kipande lazima kipungue kwa unene wa ndoano. Watu wengi wanadhani kucheza kule ni ubovu. Nimewahi kumwona mtu anagonga ribiti, vile vipini vinavyoishikilia ndoano kwenye utepe, kwa nyundo ili "ikae sawa", roho ikaniuma kana kwamba tepu ni yangu.

Basi nikairudisha kwa aliyeniuzia.

"Mzee, hili ni toleo jipya," akasema, mkono hajanyoosha. "Hizo zinazocheza ndizo mbovu. Tepu nzuri haichezi."

"Mdogo wangu, hebu ishike kwanza. Halafu chukua na ile iliyo nyuma yako, uzivute zote mbili."

Hakushika. Akaniuliza kama nilikumbuka kwamba msumeno nao una unene wake. Mimi! Msumeno wa mviringo unakula kama milimita 3 za mbao, na mimi nakata upande wa kipande cha kutupa tangu yeye hajui penseli inashikwaje. Halafu ningekuwa nimekata upande usio wake, rafu zingepungua hizo 3, si moja. Hesabu hiyo nilimfanyia palepale. Akageuza macho.

Akainama, akaonyesha kwa kidole ile II ya Kirumi iliyoandikwa kwenye utepe. "Imepimwa hii, mzee. Usisingizie kifaa." Haya, imepimwa, nakubali. Kwa kanuni za Ulaya daraja la II linaruhusu kosa la milimita 0.7 katika mita 2, na mwisho wenye ndoano unaongezewa 0.2. Lakini alama nani kazilalamikia? Mimi nimekuja na kesi ya ndoano, yeye ananijibu ya alama.

"Wateja wengine hawajalalamika," akamalizia, akarudi kwenye simu yake. Sentensi hiyo iliniuma kuliko rafu zenyewe. Rafu nitakata nyingine.

Niliporudi nikaimulika kwa tochi, nikaweka na tepu yangu ya zamani kando. Ya zamani, matundu ya ribiti yamerefushwa kidogo, ndiyo njia ambayo ndoano inapita ikienda na kurudi. Hii mpya matundu ni ya duara, yamebana ribiti pande zote. Kwa hiyo haijakwama kwa uchafu wala gundi. Imetobolewa hivyo kiwandani, mtu kakaa akaamua hivyo! Nilikuwa nimepanga kutoa nyota tatu. Hapo zikabaki mbili.

Nitakuwa mwongo nikisema siitumii. Kuweka alama kwenye mbao ndefu, kupima mshazari ili kuhakikisha fremu imekaa mraba, kugawa plaiwudi ya 2440 kwa 1220, hakuna inayoifikia; nikitaka uhakika zaidi naachana na ndoano, naanzia kwenye sentimita 10, mwishoni natoa 10. Ila vipimo vya ndani nimerudi kwenye fito mbili: unazibananisha, unazisogeza mpaka kila moja iguse ubavu wake, unazikaza kwa jiliwa, unazipeleka kwenye ubao kama zilivyo. Hakuna kusoma namba. Zinafanya kazi vizuri sana, lakini sikununua tepu ili nirudi kwenye fito.

Jana au juzi muuzaji akanitumia ujumbe, nikadhani anaomba radhi. "Mzee, igonge kidogo na nyundo italegea." Italegea, ndiyo, kwa kiasi chochote itakachopenda yenyewe!

Nyota moja. Na utepe wake, narudia, ni mzuri ajabu. Wakiutilia ndoano kama ya ile tepu yangu ya zamani nanunua mbili, ila si kwa huyu kijana.