Tangi la matumbawe Kisumu au Nakuru: anza kununua maji, taa itafuata

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Mamboleo, Kisumu, huuliza taa ya tangi nilinunua wapi. Si ajabu, maana taa ndiyo inayong'aa. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu ile mirija minne myeupe iliyofungwa ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, na hiyo ndiyo inayofanya matumbawe yaishi zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa.

Mwongozo huu nimeupanga kwa ajili yetu tulio mbali na bahari: Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii. Kile ambacho kasoro yake huua tangi haraka zaidi ndicho kinachonunuliwa kwanza. Katika kila shilingi 100 utakazotenga, 30 ziende kwa maji, chumvi na vipimo. 15 kwa stima ya akiba. 20 kwa tangi na meza yake. 10 kwa mawe na pampu. 15 kwa taa. Matumbawe yenyewe yapate 10 za mwisho. Najua mpangilio huu unauma, kwa sababu mtu huanza safari hii akiwa amependa matumbawe, si mirija.

Maji

Nafasi ya kwanza ni mtambo wako mwenyewe wa RO, yaani wa kusukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, wenye hatua nne (ndiyo ile mirija minne ya ukutani kwangu): chujio la matope, kaboni, utando, na mwisho resini inayonasa chumvichumvi zilizopenya. Kaboni isikose hata siku moja, kwa kuwa klorini ya maji ya mfereji hula utando. Kabla ya kulipa, angalia shinikizo la maji nyumbani kwako. Kila mita 10 za kimo hukupa takriban PSI 14 tu (PSI ni kipimo cha shinikizo), ilhali utando unataka PSI 40 hadi 60. Tangi la plastiki lililowekwa juu ya mnara wa mita tano halitausukuma. Utaona matone machache, utadhani umeuziwa mtambo mbovu, kumbe kinachokosekana ni pampu ndogo ya kuongeza shinikizo. Inunue pamoja na mtambo. Ujue pia kwamba kwa kila lita moja safi, lita tatu au nne hutoka kama maji ya kumwaga. Kwetu hayo ndiyo yanayofua nguo na kupiga deki.

Nafasi ya pili ni mitungi ya lita 20 kutoka maduka ya kujaza maji. Wengi wataanzia hapa na si vibaya, mradi usiende bila kalamu ya kupima TDS, yaani kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini. Ni kifaa kidogo cha betri unachokichovya kwenye kikombe kikakupa namba. Unatafuta 0, na ukipata chini ya 10 unaweza kuanza nayo. Mimi nilijaza tangi langu la kwanza kwa maji ya duka moja la mtaani bila kupima. Wiki ya tatu mawe yakavaa utando wa kahawia kama ugali ulioungua, na uyoga wa bahari (aina ya tumbawe) wa kwanza niliouweka ukajikunja, usifunguke tena. Siku niliyopata kalamu, maji yale yalisoma 94. Duka la pili, hatua chache kutoka pale, yalisoma 8. Baadhi ya wauzaji hurudisha madini ili maji yawe na ladha, na kwa kunywa hiyo ni sawa kabisa. Tumbawe halinywi chai.

Maji ya mvua nayaweka nafasi ya tatu, kwa dharura tu. Huanguka yakiwa safi, lakini hupitia bati. Bati jipya hutoa zinki na bati kuukuu hutoa kutu, bila kusahau kinyesi cha ndege, na wanyama wasio na uti wa mgongo hawavumilii metali. Ukilazimika, acha mvua ioshe paa kwanza, kisha pitisha maji kwenye kaboni na resini.

Mfereji na kisima ni nafasi ya mwisho. Maji ya Kisumu yanayotoka ziwani hutiwa klorini. Visima vya Nakuru vina floraidi nyingi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia, pamoja na madini mengine yaliyoyeyuka. Maji hupanda hewani ila madini hubaki, kwa hiyo kila unapojazia kilichokauka unaongeza deni ambalo tangi haliwezi kulilipa.

Watu wa Nakuru wameniuliza mara kadhaa kama hawawezi kuchota Ziwa Elmenteita, maana nako ni chumvi. Hapana. Ile ni magadi: chumvi yake nyingi ni ya kaboneti na pH yake iko karibu 10, wakati bahari iko karibu 8.2. Heroe anayaweza maji yale. Tumbawe haliyawezi.

Chumvi na vipimo

Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo. Haina kalsiamu wala magnesi ambayo tumbawe huyahitaji ili kujenga mifupa yake. Kati ya chumvi za bahari za dukani, kwa anayeanza nachagua Instant Ocean kwanza. Red Sea wana aina mbili, nawe chukua ile ya kawaida: Coral Pro ina alkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, hupimwa kwa dKH) ya juu, karibu dKH 12, inayowafaa watu wenye matumbawe magumu yanayokua kwa kasi. Tangi jipya halina wa kuitumia.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja hutaka takriban gramu 37. Tangi la lita 100 litakula kilo 3.7 siku ya kwanza, kisha gramu 370 kila wiki ukibadilisha maji kwa asilimia 10. Mfuko wa kilo 20 basi utakutosha kujaza na kubadilisha kwa wiki 44 hivi. Anayenunua vipakiti vidogo vidogo hulipa zaidi na hukwama katikati ya mwezi.

Kupima chumvi, nunua rifraktomita na chupa yake ya maji ya kusawazishia ya 35. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale unaoelea hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu. Ongeza vipimo vya matone vya amonia, nitrati na alkali. Hivyo vitatu vinatosha mwaka wa kwanza, na alkali ikikaa kati ya dKH 8 na 9 bila kuyumba, lala usingizi.

Stima

Stima ikipotea, si giza linaloua. Tumbawe huvumilia siku moja au mbili bila taa. Kinachoua ni maji kusimama: oksijeni inakwisha, na usiku ndiyo mbaya zaidi kwa sababu kila kiumbe tangini kinavuta wala hakuna kinachotoa.

Chaguo langu la kwanza ni pampu ya mkondo inayotumia moja kwa moja volti 12 na kufungwa kwenye betri ya sola. Nyumba nyingi za huku tayari zina betri hiyo. Ya 50Ah ina saa-wati 600. Ukitumia nusu ili usiiue, pampu ya wati 10 itazunguka karibu saa 30. Hakuna inveta ya kupoteza nguvu wala kelele. Chaguo la pili, na hili nunua hata ukiwa na la kwanza, ni pampu ndogo ya hewa yenye betri ndani ambayo hujiwasha yenyewe stima ikikatika. Inveta ya nyumba nzima ni ya tatu. Jenereta ni ya mwisho: lazima mtu awepo wa kuiwasha, na stima hupotea pia mkiwa mazishini ushago.

Ukanda huu wa ziwa, Kisii na Kakamega hasa, una radi nyingi sana. Kifaa kilekile cha kulinda friji husaidia tangi stima ikiyumba, ila hakizuii radi yenyewe. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie ndani.

Kuhusu joto, Kisumu na Nakuru zinaachana njia. Unataka nyuzi 25 hadi 27. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na usiku wake ni baridi, kwa hiyo hita ni lazima. Nunua mbili za wati 75 badala ya moja ya 150, kwa sababu hita huharibika kwa kukwama ikiwaka, na ile ndogo haiwezi kuchemsha tangi peke yake. Kisumu shida ni mchana wa Januari na Februari. Feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, nayo inatosha. Hapo maji yatakauka kwa kasi. Langu hupoteza lita mbili kwa siku. Ukiliacha wiki nzima, 35 imekaribia 41. Jazia kwa maji matamu, kamwe si ya chumvi, kwani chumvi haikwenda popote. Boya dogo kama la tangi la choo, likiunganishwa na mtungi ulioinuliwa, litakufanyia kazi hiyo usiku na mchana.

Tangi

La kwanza kwangu ni la fundi wa vioo, sentimita 75 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8. Ni lita 120 likiwa tupu na karibu 100 mawe yakishaingia. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, halafu asubiri wiki nzima kabla ya maji. Pitisha kidole kwenye kila pembe ya ndani: mshono mzuri ni mlaini mfululizo, hauna vishimo wala nywele za hewa zinazoonekana ukimulika tochi kutoka upande wa pili. Lijaze maji palepale kwenye karakana, likae hivyo siku moja kabla hujalibeba. Meza iwe ya kubeba kilo 200.

Matangi ya kutoka nje yenye chujio nyuma yake ni mazuri, ila pampu ikifa utasubiri kipuri. Nayapa nafasi ya pili. La mtumba liko la tatu, na swali la kumwuliza mwenyewe ni moja: limewahi kutiwa dawa ya shaba kwa ajili ya samaki? Kama ndiyo au kama anasita, liache, kwani mabaki ya shaba huua matumbawe. Vijitangi vya lita 20 vinavyovutia mezani sivipendekezi kwa yeyote anayeanza. Maji kidogo hubadilika haraka kuliko unavyoweza kukimbia.

Mawe na taa

Mawe makavu, kilo 8 hadi 10, yanatosha. Hayaji na wadudu usiowataka, ila yanataka subira ya wiki nne hadi sita ili bakteria wajenge makazi na amonia irudi sifuri. Pampu ya mkondo isukume lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa.

Taa ya LED yenye samawati nyingi na kitufe cha kupunguza mwanga ndiyo unayohitaji. Masanduku meusi ya Kichina ya wati 165 yanatosha kabisa kwa matumbawe laini. Anza asilimia 25 tu, saa nane kwa siku. AI Prime na Kessil A160 ni bora na hutawanya mwanga vizuri, lakini hiyo tofauti ya bei ingekununulia mtambo wa maji. Taa za ukutani za nje zenye mwanga mweupe zikuze mboga.

Matumbawe

Usiende Diani au Watamu kuvunja chochote. Ndani ya hifadhi za bahari ni kosa, na hata nje yake miamba ya Pwani bado inabeba kovu la joto la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo yakivuka mpaka wa nchi lazima yawe na kibali. Omba kukiona. Vizuri zaidi, nunua vipande vilivyokatwa kwenye tangi la mfugaji mwenzako: vimeshazoea maisha ya kioo. Visafirishe kwa ndege au basi la mchana kutoka Nairobi, ndani ya kasha la barafu lisilo na barafu, ili joto lisiyumbe.

Wa kwanza ni uyoga wa Discosoma. Husamehe makosa na haudai mwanga mkali. Baada yake Sarcophyton, yule wa ngozi. Akinyamaza siku tano bila kufungua vidole usishtuke, anavua ngozi, na asubuhi moja utamkuta amechanua. Tatu ni tumbawe laini linalofanana na nyasi za kijani, linaloitwa GSP (green star polyps); vipande vyake viwekwe kwenye jiwe la peke yake kwa sababu hutambaa kila mahali. Duncan ndiye tumbawe gumu la kwanza la kujaribu, baada ya miezi sita hivi. Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, subiri mwaka.

Matumbawe ya Zoanthus yana rangi za kuvutia kuliko yote na ni mepesi kuishi, lakini nayaweka chini kwenye orodha kwa nyumba yenye watoto. Baadhi yao yana palitoksini, sumu kali sana. Yashike kwa glavu na miwani, na jiwe lao kamwe lisichemshwe wala kusuguliwa kwa maji moto, maana mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Nunua kipande kimoja tu. Kizimie taa siku ya kwanza, kiweke chini mchangani, pima alkali kila baada ya siku tatu. Kikikaa wazi wiki nne mfululizo, piga simu uagize cha pili.