Saratani ya tumbo: kwa nini ini hushikwa haraka kuliko ubongo

Saratani ya tumbo inaposambaa, ini huathirika mara nyingi. Ubongo ni nadra, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa kwa kawaida. Tofauti huanzia njiani. Damu ya tumbo humiminika moja kwa moja kwenye ini kupitia vena porta, mshipa mkubwa unaopeleka damu ya tumbo na utumbo kwenye ini, na kapilari za ini (mishipa yake midogo kabisa) zina matundu, hivyo seli za saratani hupenya kwa urahisi.

Kuufikia ubongo ni kazi nyingine kabisa. Seli hupita moyoni na mapafuni, kisha hukutana na kizuizi kati ya damu na ubongo, ambako seli za kuta za mishipa zimeshikamana kwa protini kama klaudini-5. Vimeng'enya vya metaloproteinasi huweza kulegeza kizuizi hicho. Protini ya HER2 nayo, ikizidi juu ya seli, huchochea ukuaji, na huonekana zaidi kwa wenye uvimbe ubongoni.

Linaloniumiza ni hili: trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, iliyorefusha maisha ya wagonjwa wa saratani ya tumbo yenye HER2 nyingi katika jaribio la kitabibu la ToGA la 2010, ni molekuli kubwa, ini inalifikia, ubongoni hupenya kidogo mno. Mgonjwa mwenye saratani ya HER2 nyingi akianza kuumwa kichwa mfululizo, apigwe picha ya MRI ya ubongo hata kama ini limetulia.