Boti ya Mloka, Mto Rufiji: mtafute nahodha mzee (nyota 4 kati ya 5)

Nimepanda boti hapa mwezi wa saba mwaka huu, tukiwa watu sita. Viboko utawaona mpaka uchoke, mamba pia, na ndege keremkerem wametoboa kingo nzima. Ila mimi sikufuata wanyama.

Bibi yangu alilima mlau, kilimo cha kwenye tope linaloachwa na mafuriko, upande wa Utete. Mto ukijaa tunahamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Maji yakishuka anatoboa tope kwa mti, anapanda mahindi, kunde na maboga, mbolea haijui. Tangu utoto wangu tulisikia bwawa la Stiegler's litajengwa, miaka ikapita, hadi jiwe la msingi lilipowekwa 2019. Leo bwawa hilo hilo, kwa jina la Bwawa la Julius Nyerere, lina mitambo tisa ya umeme, megawati 2,115. Ule mgao wa umeme wa 2023 ulinitesa sana Dar, kwa hiyo nashukuru kwa dhati. Lakini nilitaka nione kwa macho yangu mto wa bibi umekuwaje huku chini.

Nahodha wetu, mwenyeji wa huko huko, alizima injini chini ya ukingo ulioporomoka, akachomeka pondo.

"Mama, hebu hesabu hiyo mistari."

Tope jeusi, mchanga mweupe, tope jeusi tena. Kila mstari furiko moja. Wa juu kabisa, unene wa kiganja, alisema ni wa Aprili 2024, yale mafuriko yaliyozoa mashamba.

"Zamani mto ulituletea tope. Sasa tope linabaki kule bwawani, sisi tunaletewa maji."

Nikashika ule udongo. Wa baridi, unateleza kama sabuni, vile vile nilivyoukanyaga nikiwa mtoto. Nilishindwa kusema kwa muda.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya majaketi ya kujiokolea: mawili zipu hazifungi, na moja nilipewa mimi. Kwenye mto wenye mamba hilo halivumiliki. Pia wenzetu wa boti ya pili walipewa kijana aliyewaonyesha viboko akageuza. Walirudi hawajui hata bwawa liko upande gani. Wenye boti, huyo kijana mpandisheni na mzee walau mwezi mmoja, maana anayoyajua mzee hayajaandikwa popote pale ufukweni.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne jua ni kali, na boti haina paa. Mimi narudi masika yakiisha, na nitakuja na mama. Yeye ndiye aliyezaliwa kwenye lile dungu.