Uzoefu wangu na baiskeli ya umeme ya mtumba kutoka Japani

Baiskeli za umeme zinazoshuka na makontena ya mitumba ya Japani ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, ila ukinunua kwa kuangalia rangi na siti, umeliwa. Anza na lebo. Yangu niliikuta hapa Dar es Salaam imebanwa katikati ya baiskeli za kawaida, na bei ilikuwa ya kawaida vilevile kwa sababu haikuwaka na haikuwa na chaja. Muuzaji alikuwa akiiita "ya dinamo".

Kwenye bomba la siti, chini ya vumbi, kulikuwa na stika yenye namba inayoanza na BE. Hiyo ni Panasonic. Betri yake ina namba inayoanza na NKY, na hiyo ndiyo ya kuinakili kabla hujatoa hata shilingi, maana betri mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zisiingiliane. Watengenezaji wengine ni Yamaha, waliotoa baiskeli yao ya umeme iitwayo PAS mwaka 1993. Ukiona kwenye betri pameandikwa Ni-Cd au Ni-MH, yaani betri za nikeli za zamani, ujue umeshika mzee kweli. Za lithiamu huandikwa 25.2 V au karibu na hapo. Angalia pia kama ufunguo wa betri upo. Nimeona mtu akivunja loki kwa bisibisi na kuharibu vidole vya shaba vinavyopeleka umeme kwenye mota.

Chaja zao ni za volti 100, umeme wa Japani. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Tanesco, imekwisha. Nilipata chaja iliyotumika, nikanunua transfoma ya kushusha hadi 100 pale Kariakoo. Ya wati 300 inatosha.

Shughuli pevu ni betri. Ndani mna makundi 7 ya seli yaliyofuatana, kila moja volti 3.6, ndiyo hiyo 25.2, ikijaa hufika 29.4. Nilimpelekea fundi anayetengeneza betri za kompyuta, akafungua ganda taratibu, akaanza kupita na mita: 3.5, 3.5, 3.4, 3.5, halafu kundi la tano likasoma 1.2. "Kaka, mchawi wako huyu hapa," akasema. Kundi moja likilala hivyo, bodi ya ulinzi hukata umeme wote hata kama mengine yana uhai.

Kuna mafundi watakaotaka kulichaji kundi hilo kwa nguvu na chaja ya pembeni. Kataa. Seli ya lithiamu iliyoshuka kiasi hicho ikilazimishwa inaweza kushika moto. Kubadilisha kundi hilo peke yake nako ni kupoteza hela, kwa sababu seli mpya na kuukuu hazijai wala haziishi sawasawa, na bodi itakata tena. Tulibadilisha zote kwa seli mpya za uwezo uleule, na vibati vya nikeli vikaunganishwa kwa mashine yake maalumu, si kwa risasi ya kulehemu inayozipika seli. Kabla ya kukata waya alihakikisha bodi inapata umeme wa pembeni, kwani bodi nyingine zikikosa umeme hujifunga moja kwa moja. Kazi hiyo ilikula pesa kuliko baiskeli yenyewe.

Ilipowaka, ikaanza kugonga kila nikikanyaga kwa nguvu. Nyuma ya krenki kuna kisproketi kidogo cha mota chenye meno 9 kinachovuta mnyororo, na cha kwangu kilikuwa kimechongoka kama meno ya papa kwa umri. Fundi wa kukereza vyuma angeweza kukichonga, lakini nilipata kizima kwenye baiskeli iliyochinjwa, nikafunga na mnyororo mpya. Kelele zikaisha. Tyubu, vali na breki fundi yeyote wa mtaani anazimudu.

Barabarani, usitegemee pikipiki. Haina mshiko wa kuzungusha kwa mkono ili iende yenyewe. Mota inakusaidia tu ukikanyaga pedeli, na ukifika kilomita 24 kwa saa inakuachia mwenyewe, ndivyo sheria ya Japani inavyotaka. Sheria hiyohiyo ililegezwa mwishoni mwa 2008, mota ikaruhusiwa kusaidia hadi mara mbili ya nguvu ya mguu kwenye mwendo mdogo, badala ya kulingana nayo tu. Kwa hiyo ukipata ya baada ya hapo, mlimani utaiona tofauti. Mimi napanda Kimara na mzigo nyuma bila kushuka. Betri ikiisha njiani, hapo ndipo utajua kwamba umepanda kilo 27 za chuma, kwa hiyo naishi na gia ya kwanza hadi nyumbani.

Mvua ya kawaida haijaisumbua. Maji ya mafuriko ya Jangwani sijaijaribia, na sina mpango.